Neno la kiongozi wakati wa tufani: funzo la Houston na Dallas

Alfajiri ya Ijumaa, Septemba 23, 2005, basi lililokuwa limebeba wazee kutoka nyumba ya kulelea wazee karibu na Houston liliwaka moto katika barabara kuu namba 45, kwenye mji mdogo wa Wilmer, kusini mwa Dallas. Lilikuwa njiani kwa takriban saa 15, katika safari ambayo siku ya kawaida huchukua saa nne. Gurudumu la nyuma lilipata joto kupita kiasi, moto ukapanda hadi ndani, na mitungi ya oksijeni waliyokuwa wakiitumia baadhi ya wazee hao ikauchochea. Watu 23 walifariki dunia.

Walikuwa wakikimbia Kimbunga Rita. Kimbunga chenyewe kilitua usiku uliofuata, karibu na mpaka wa majimbo ya Texas na Louisiana, na Houston haikupigwa sawasawa. Hata hivyo zaidi ya watu 100 walipoteza maisha katika jimbo la Texas kwa sababu ya msafara wa kukihama. Waliouawa na upepo na maji ya Rita walikuwa wachache zaidi kuliko hao.

Tangu siku hiyo, swali la namna ya kuongoza na kusema na umma wakati wa maafa limekuwa na uzito wa pekee katika miji mikubwa ya Texas. Majibu mengi yaliyopatikana yana asili ya kijeshi. Si kwamba wanajeshi walitwaa madaraka. Sheria ya Marekani ya mwaka 1878 inalizuia jeshi la serikali kuu kufanya kazi za polisi dhidi ya raia. Kilichoazimwa ni mbinu: jinsi ya kutoa amri inayoeleweka, nani aseme, na nini kifanyike baada ya makosa.

Jenerali na waandishi wa habari

Ili kuelewa kilichotokea Houston, hapana budi kurudi nyuma wiki tatu na ushei. Agosti 29, 2005, Kimbunga Katrina kililipiga jimbo la Louisiana, kuta za kuzuia maji zikabomoka na sehemu kubwa ya jiji la New Orleans ikafurika. Zaidi ya watu 1,300 walipoteza maisha. Kwa siku kadhaa ulimwengu ulitazama maelfu ya watu, wengi wao Wamarekani weusi na maskini, wakiwa wamekwama juu ya mapaa na ndani ya uwanja wa michezo wa Superdome bila maji ya kunywa wala maelezo.

Katika hali hiyo alijitokeza Luteni Jenerali Russel Honoré, mzaliwa wa Louisiana, aliyeongoza wanajeshi wa serikali kuu waliopelekwa huko. Madaraka yake yalikuwa na mipaka. Kikosi cha Walinzi wa Taifa, chenye askari wengi kuliko wake, kilibaki chini ya magavana wa majimbo, na Gavana wa Louisiana, Bi Kathleen Blanco, alikataa kukikabidhi kwa serikali kuu. Hivyo jenerali huyo hakuwa na amri juu ya polisi, juu ya meya, wala juu ya askari wengi aliowakuta mitaani.

Alichokuwa nacho ni sauti na kuonekana kwake. Picha za televisheni zilimwonyesha akitembea barabarani na kuwaamrisha askari wateremshe mitutu ya bunduki zao, akiwakumbusha kwamba watu walio mbele yao si maadui bali wananchi waliofikwa na msiba. Amri hiyo haikuleta chakula wala basi hata moja. Lakini ilibadili maana ya kuwapo kwa wanajeshi pale, na hilo katika siku za maafa si jambo dogo.

Septemba 20, wakati Rita ilipokuwa ikija, Honoré alihudhuria mkutano na waandishi wa habari mjini New Orleans pamoja na Meya Ray Nagin. Waandishi walitaka kujua nani alikosea wakati wa Katrina. Jenerali aliwakatiza. Alisema kilicho muhimu saa hiyo ni watu kufahamu mabasi ya kuwaondoa yako wapi, akawakumbusha kwamba wao waandishi ndio wabebaji wa ujumbe, na mmoja aliposhikilia suala la kimbunga kilichopita akamwambia asikwame kwenye ujinga. Maneno hayo yalimpa umaarufu na lawama kwa pamoja. Kazi ya waandishi ni kuuliza, na swali la nani alikosea lilikuwa halali kabisa. Hata hivyo kwa dakika zile, mwenye mama mgonjwa ghorofani alihitaji kujua kituo cha basi kabla ya kumjua mkosaji.

Houston yapokea wageni

Wakati huo Houston ilikuwa ikisifiwa. Usiku wa kuamkia Septemba 1 mabasi ya kwanza kutoka New Orleans yaliwasili kwenye uwanja wa Astrodome, na kwa muda mfupi eneo hilo likawa na zaidi ya watu 25,000. Dallas nayo ilifungua ukumbi wake wa mikutano na uwanja wa Reunion Arena.

Shughuli za Astrodome ziliendeshwa chini ya mfumo wa uongozi mmoja wa dharura, huku afisa wa Kikosi cha Ulinzi wa Pwani akiwa miongoni mwa wasimamizi wakuu pamoja na Meya wa Houston, Bw Bill White, na Bw Robert Eckels, jaji wa Kaunti ya Harris. Msomaji wa Afrika Mashariki asidanganywe na cheo hicho: katika Texas jaji wa kaunti ni mtendaji mkuu anayechaguliwa kwa kura, na wakati wa dharura ndiye mwenye neno la mwisho katika eneo lake.

Mfumo wenyewe ulianzia California katika miaka ya 1970, baada ya vikosi vya zimamoto vya idara mbalimbali kushindwa kuelewana katika mioto mikubwa ya misitu. Nidhamu yake inafanana na ya kijeshi: kila mtu ana mkubwa mmoja tu, maneno ya kazi ni yale yale kwa wote, na msemaji anajulikana. Serikali ya Marekani iliufanya wa taifa zima mwaka 2004. Kwa waliokuwa ndani ya Astrodome, matunda yake yalikuwa mambo ya kawaida kabisa: zahanati, vitanda vilivyopangwa, na mahali pa kubandika majina ya ndugu waliopotezana. Katika muda wa takriban wiki mbili na nusu wengi walikuwa wamepatiwa nyumba na uwanja ukafungwa.

Amri isiyo na mipaka

Kisha ikaja Rita. Septemba 21 kimbunga hicho kilifikia daraja la 5, la juu kabisa, kikiwa katika Ghuba ya Mexico na kuelekea Texas. Viongozi wa Houston waliwataka watu wa maeneo ya chini kuondoka bila kukawia, wakitumia mfano uliokuwa bado mbichi katika macho ya kila mtu: yaliyowapata waliobaki New Orleans.

Ujumbe uliitikiwa kuliko ilivyotarajiwa. Watu wanaokadiriwa kuwa milioni 2.5 au zaidi waliingia barabarani karibu kwa wakati mmoja, wakiwemo mamia ya maelfu waliokuwa wakiishi mbali na bahari, mahali ambapo maji yasingewafikia. Foleni ya magari ilienea kwa zaidi ya kilomita 150. Joto lilikaribia nyuzi 38. Petroli iliisha vituoni, magari yakazimika, wazee na wagonjwa wakazidiwa ndani ya magari. Kugeuza njia zote za barabara kuu ziende upande mmoja, hatua ambayo ingepunguza msongamano, hakukuwa kumepangwa mapema. Kuliamuliwa safari ikiwa imekwishaanza na kukachukua saa nyingi kutekelezwa.

Ni rahisi kuwalaumu wananchi kwamba walitaharuki. Lakini ukiyatazama maneno waliyoambiwa, walitenda yaliyo ya busara kwao. Waliambiwa nani aondoke, kwa sauti kubwa na kwa picha ya kutisha. Hawakuambiwa kwa sauti hiyo hiyo nani abaki.

Maafisa wa jeshi wangelitambua kosa hilo mara moja. Katika karne ya 19 jeshi la Prussia, baada ya kushindwa vibaya na Napoleon huko Jena mwaka 1806, lilianza kuwafundisha maafisa wake kwamba amri ndefu haiishi hata saa moja vitani. Lenye kudumu ni lengo. Majeshi mengi ya leo, likiwemo la Marekani, huliita nia ya kamanda: maelezo mafupi ya kinachotakiwa kupatikana, sababu yake, na hali itakayoonyesha kwamba kazi imekamilika. Askari aliyetengana na mkubwa wake akiijua nia hiyo, anaweza kuamua mwenyewe. Asipoijua, atafuata neno la mwisho alilolisikia hata kama linampeleka pabaya.

Mkazi wa Houston aliyeishi kilomita 60 kutoka baharini mwaka 2005 alikuwa askari wa namna hiyo. Nia ilikuwa kuwaondoa watu kwenye njia ya maji, naye hakuambiwa hivyo. Aliambiwa kwamba kimbunga kinakuja.

Kimbia maji, jifiche na upepo

Baada ya Rita, Kaunti ya Harris na jirani zake zilichora upya ramani ya kuhama. Maeneo ya hatari yaligawanywa kwa kufuata namba za posta, ambazo kila mkazi anazijua kwa kuwa zipo kwenye anwani yake: ukanda wa pwani kwanza, kisha A, B na C. Njia za kugeuza barabara zilipangwa mapema, pamoja na vituo vya mafuta. Ujumbe nao ukafupishwa: kimbia maji, jifiche na upepo. Kwa maneno hayo machache mtu anapewa sababu, na anaweza kujipimia mwenyewe.

Mtihani ulikuja Septemba 2008, Kimbunga Ike kilipoelekea Galveston. Jaji wa kaunti wakati huo, Bw Ed Emmett, aliyaamuru maeneo ya pwani yahame, na kwa msisitizo uleule akawaambia mamilioni ya watu wa bara watulie majumbani mwao. Alirudia neno lile lile kila alipotokea kwenye televisheni, hadi watu wakalifanyia mzaha. Ike iliua makumi ya watu na kuliacha eneo kubwa gizani kwa wiki kadhaa, lakini barabara hazikugeuka makaburi.

Kurudiarudia huko huwachosha wanasiasa, ambao hupenda kila hotuba iwe na jipya. Wanajeshi hawaoni tabu, kwa sababu kwenye redio ya vita maneno husemwa na kurudishwa ili kuhakikisha yamefika kama yalivyotoka.

Houston yenyewe ilikuwa na shule ya nidhamu hiyo muda mrefu kabla ya Rita. Aprili 1970 tangi la oksijeni lilipolipuka ndani ya chombo cha Apollo 13, zaidi ya kilomita 300,000 kutoka duniani, kituo cha kuongoza safari za anga kilikuwa chini ya Gene Kranz, aliyewahi kuwa rubani wa ndege za kivita. Makumi ya wataalamu walikuwa kazini, lakini kwa kanuni ya kituo mtu mmoja tu ndiye aliyezungumza na wanaanga, naye alikuwa mwanaanga mwenzao. Saa ya mlipuko alikuwa Jack Lousma, rubani kutoka kikosi cha wanamaji. Kranz aliwataka watu wake watatue tatizo bila kulizidisha kwa kubahatisha. Wanaanga wote watatu walirejea salama Aprili 17. Waswahili husema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Pale Houston manahodha walikuwa wengi, ila usukani ulikuwa na mkono mmoja na redio ilikuwa na sauti moja.

Sauti mbili kabla ya Harvey

Agosti 2017 sauti zilikuwa mbili. Kimbunga Harvey kilipokaribia, Gavana wa Texas, Bw Greg Abbott, aliwashauri wakazi wa Houston wafikirie sana kuondoka hata kama hawakuamriwa. Meya Sylvester Turner na Jaji Emmett wakawaambia wabaki. Kwa saa kadhaa familia zilikuwa na maagizo mawili yanayopingana kutoka kwa viongozi wawili halali.

Bw Turner, aliyefariki dunia mwaka 2025, alitetea uamuzi wake kwa kukumbusha Rita: mamilioni ya watu hawawezi kuwekwa barabarani kwa siku moja, na mvua iliyotabiriwa ingewakuta ndani ya magari. Mvua ilinyesha kwa siku nne. Kituo kimoja mashariki mwa Houston kilipima zaidi ya milimita 1,500, kiwango ambacho hakikuwahi kurekodiwa katika dhoruba moja kwenye bara la Marekani. Watu wasiopungua 68 walikufa katika jimbo hilo kutokana na Harvey moja kwa moja, zaidi ya nusu yao katika eneo la Houston, wengi kwa kuzama majini. Wapo wanaoamini hadi leo kwamba kubaki kulikuwa kosa. Ushahidi wa Rita unaegemea upande wa meya. Lakini hata uamuzi sahihi hupungua nguvu unapotolewa huku mkubwa mwingine akisema kinyume chake.

Emmett alifanya jambo jingine ambalo wanajeshi wangelipongeza. Maji yalipozidi uwezo wa vikosi vya uokoaji, alikiri hadharani kwamba serikali haiwezi kumfikia kila mtu, na akawaomba wananchi wenye maboti wajitokeze. Walijitokeza kwa mamia, wengine wakitoka Louisiana. Gavana Abbott naye aliwaita kazini Walinzi wa Taifa wote wa Texas, wapatao 12,000, na Dallas ikafungua tena ukumbi wake wa mikutano kwa waliohamishwa.

Lakini jeshi pia lilitoa mfano wa kutofuatwa. Magharibi mwa Houston kuna mabwawa mawili, Addicks na Barker, yaliyojengwa na Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi katika miaka ya 1940 baada ya mafuriko ya 1929 na 1935. Kwa kawaida huwa makavu. Kazi yake ni kushika maji ya mvua yasiifikie katikati ya jiji. Kadiri miaka ilivyopita, maelfu ya nyumba zilijengwa ndani ya eneo ambalo bwawa likijaa maji yangelifika. Wahandisi walilijua hilo. Wanunuzi wengi hawakulijua. Dalili pekee kwa baadhi yao ilikuwa maandishi madogo kwenye ramani za viwanja.

Usiku wa kuamkia Agosti 28 wahandisi walianza kufungulia maji ili kuta zisizidiwe, tena mapema kuliko saa iliyokuwa imetangazwa, kwa sababu maji yalipanda kwa kasi. Nyumba za juu ya mabwawa zilifurika, na za chini yake zikafurika. Kwa upande wa uhandisi huenda hapakuwa na njia nyingine. Ila watu waliamshwa na maji sebuleni kutokana na mpango uliokuwa umeandikwa miaka mingi kabla, na wao hawakuambiwa. Disemba 2019 mahakama moja ya serikali kuu iliamua kwamba serikali inawajibika kwa hasara ya wenye nyumba za upande wa juu. Kesi za upande wa chini zilianza kwa kukataliwa, kisha zikafufuliwa kwa rufaa mwaka 2022.

Dallas na hofu ya Ebola

Si kila maafa huja na upepo. Septemba 30, 2014, ilithibitishwa kwamba Thomas Eric Duncan, raia wa Liberia aliyekuwa akiwatembelea jamaa zake mjini Dallas, alikuwa na virusi vya Ebola. Siku chache kabla alikuwa amekwenda hospitali na kurudishwa nyumbani. Alifariki dunia Oktoba 8, na wauguzi wawili waliomhudumia wakaambukizwa. Maafisa wa afya wa taifa, waliokuwa wamewahakikishia watu kwamba hospitali za Marekani zina uwezo wa kuuzuia ugonjwa huo, walilazimika kubadili maneno yao, na lawama ya haraka iliyomwangukia muuguzi wa kwanza kwamba alikiuka taratibu ikafuatiwa na kuomba radhi.

Hofu iliwashukia Waafrika. Katika mtaa wa Vickery Meadow, wenye wahamiaji na wakimbizi wengi, watu walianza kunyooshewa vidole kwa lafudhi yao tu. Oktoba 3 jaji wa Kaunti ya Dallas, Bw Clay Jenkins, alikwenda mwenyewe hadi kwenye nyumba alimofikia Duncan, bila vazi la kujikinga, akazungumza na familia na kuwaendesha katika gari lake mwenyewe hadi makazi mengine. Wapo waliomwita mzembe. Sayansi ilikuwa upande wake: mtu asiye na dalili za Ebola haambukizi. Angeweza kuyasema hayo kwenye jukwaa, na pengine asingeaminiwa. Kuketi na familia ile ndani ya gari moja kulikuwa tangazo lisilohitaji tafsiri. Novemba 7 ufuatiliaji wa watu 177 ulimalizika bila mgonjwa mwingine kupatikana.

Wakati huohuo majimbo ya Marekani yalikuwa yakizozana kuhusu namna ya kuwashughulikia waliotoka Afrika Magharibi. Jeshi lilikuwa na kanuni moja kwa wote: wanajeshi waliotumwa Liberia walitengwa kwa siku 21 waliporudi, wengine katika kambi za Texas za Fort Hood na Fort Bliss. Wataalamu wengi wa afya waliona hatua hiyo inazidi mahitaji ya kitabibu, na huenda walikuwa sahihi. Faida yake ilikuwa kwamba kila askari na mkewe walijua siku ya kurudi nyumbani.

Lugha ya onyo

Februari 2021 baridi kali iliangusha mfumo wa umeme wa Texas na kuwaacha mamilioni ya watu gizani, Dallas, Fort Worth na Houston zikiwemo. Idara ya afya ya jimbo ilihesabu vifo 246. Wananchi waliambiwa umeme ungekatwa kwa zamu za muda mfupi. Wengi wao wakakaa bila umeme kwa siku tatu na zaidi, wakiahirisha kutafuta hifadhi kwa sababu ya neno hilo la muda mfupi.

Katika vifo hivyo kulikuwa na zaidi ya 10 vilivyosababishwa na gesi ya kaboni monoksaidi, kutokana na watu kuwasha magari gerejini, jenereta au majiko ya mkaa ndani ya nyumba. Miongoni mwa waliokufa Houston walikuwemo watu wenye asili ya Ethiopia. Hapa suala la mawasiliano linaigusa moja kwa moja jamii ya Waafrika Mashariki. Texas ni kati ya majimbo yaliyopokea wakimbizi wengi zaidi kutoka Kongo, na kwa wengi wao Kiswahili ndiyo lugha ya kuwasiliana na majirani. Onyo lililoandikwa kwa Kiingereza na Kihispania, kisha likasambazwa kwa intaneti wakati hakuna umeme, halikumfikia mama aliyezoea kuota moto wa jiko la mkaa katika nyumba za kwao zenye kupitisha hewa. Nyumba za Texas hufungwa zisipitishe hewa.

Tatizo la habari lilijirudia Julai 2024. Kimbunga Beryl kilikata umeme kwa zaidi ya wateja milioni mbili katika eneo la Houston, na ramani ya kampuni ya umeme ya kuonyesha mitaa isiyo na umeme ilikuwa haifanyi kazi. Wakazi wakagundua kwamba programu ya simu ya mgahawa wa baga wa Whataburger huonyesha matawi yaliyo wazi na yaliyofungwa, wakaitumia hiyo. Palipokosekana msemaji, watu walijitafutia mwingine.

Kutoka Westgate hadi dusitD2

Wasomaji wa Kenya hawahitaji kwenda Texas kuyaona haya. Septemba 2013 washambuliaji walipoivamia Westgate mjini Nairobi na kuua watu 67, serikali ilitangaza zaidi ya mara moja kwamba jengo limedhibitiwa, huku milio ya risasi ikiendelea kusikika. Idadi ya washambuliaji ilitajwa kuwa 10 hadi 15. Baadaye ikabainika kuwa wanne. Moshi ulielezwa na waziri wa usalama, Bw Joseph Ole Lenku, kuwa wa magodoro. Ndani ya jengo, kukosekana kwa amri moja kati ya jeshi na polisi kulichangia askari kurushiana risasi, na afisa wa polisi akauawa. Tukio lilichukua siku nne.

Januari 2019, katika shambulio la dusitD2 lililoua watu 21, kazi ilimalizika katika muda usiofika siku moja, wasemaji walikuwa wachache, na Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mwisho wake ulipokuwa umefika kweli. Yawezekana mazingira yalikuwa tofauti. Lakini ni vigumu kuamini kwamba hakuna aliyekaa chini kuyachambua ya Westgate.

Uchambuzi wa aina hiyo ni desturi ambayo jeshi la Marekani liliijenga katika viwanja vyake vya mazoezi tangu miaka ya 1970 na 1980. Baada ya kila zoezi wahusika wa vyeo vyote huketi pamoja na kuulizana maswali: tulikusudia nini, kilitokea nini, kwa nini, na tutafanya nini safari nyingine. Koplo huruhusiwa kumsahihisha kanali. Sharti ni kwamba kinachotafutwa si mtu wa kuadhibiwa. Ndilo sharti gumu zaidi kulihamishia kwenye siasa, ambako kila kosa lina uchaguzi unaolisubiri.

Texas imelifanya hilo kwa kiasi. Baada ya vifo vya Wilmer, jimbo lilijipanga upya kuhusu watu wasioweza kuondoka wenyewe. Leo mzee, mgonjwa au mtu asiye na gari anaweza kupiga simu namba 211 na kuandikishwa katika orodha ambayo maafisa wa eneo lake huitumia kupanga usafiri na msaada. Uandikishaji ni wa hiari, haumhakikishii mtu kwamba gari litafika, na jina lazima lihuishwe kila mwaka. Msimu wa vimbunga huanza Juni 1 na kumalizika Novemba 30.